Swali kwa waliowahi kuzima moto ndani ya manowari

Binti wa Tukuyu aliandika:

Habari zenu wana jukwaa, na kwa wakubwa zangu wote shikamooni. Ninaandika kutoka Tukuyu, na swali langu linamhusu mzee wetu mmoja, kaka mkubwa wa baba yangu, ambaye alitumikia jeshi la wanamaji tangu ujana wake hadi alipostaafu na kurudi nyumbani kutunza migomba yake na shamba dogo la chai. Kwa miaka yote niliyomfahamu hajatusimulia habari za kazi yake, isipokuwa kusema kwamba bahari haina ng'ambo inayoonekana kama Ziwa Nyasa linavyoonekana ukisimama Matema siku ya jua.

Mwezi wa tisa mwaka jana jirani yetu alikuwa akisafisha shamba kwa kuchoma majani, upepo ukageuka, na moto ukaingia kwenye miti ya milingoti na kuelekea nyumbani kwa watu. Vijana wote walikimbilia mbele ya moto wakiwa na matawi mabichi. Baba mkubwa, ambaye amevuka miaka 70, aliwaita sita kati yao akawapeleka upande wa pili kabisa, mahali ambapo hapakuwa na moto wala moshi, akawaamuru wafyeke majani yaliyozunguka ghala la mahindi na kuumwagia maji ukuta wake wa mbao mfululizo, bila kupumzika. Wapo waliodhani kwamba hofu imemchanganya. Moto ulipofika ulipita kando, na ghala lile lipo hadi leo.

Usiku ule alipata homa. Alikuwa akisema usingizini, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia: "Mwagieni ukuta! Ukuta unatoa malengelenge!" Mama mkubwa alituambia kwamba maneno hayo ameyasikia tangu waoane, na kwamba hajawahi kuambiwa maana yake.

Tangu siku ile nimekuwa nikimtazama kwa makini, na nimeona mambo mawili ambayo zamani niliyachukulia kuwa ni mazoea ya uzee. La kwanza ni kwamba kabla ya kufungua mlango wowote uliofungwa, hata wa chumba chake mwenyewe, huugusa kwa mgongo wa mkono, akianzia chini na kupandisha juu. La pili ni kwamba mtu akimgusa bega kutoka nyuma, yeye hageuki. Husimama tuli kwa muda, kisha huendelea na alichokuwa akikifanya bila kusema neno.

Ninaomba mnisaidie kuelewa. Meli ya chuma, iliyozungukwa na maji pande zote, inaunguaje? Na kwa nini watu waumwagie maji ukuta badala ya kuumwagia moto? Sitaki kumuuliza mwenyewe kabla sijajua ninauliza nini.

Mstaafu wa Deki, Mbeya, alijibu:

Marahaba, binti yangu. Mimi ninaishi hapa Mbeya mjini, na kazi yangu ilikuwa ni hiyohiyo ya baba yako mkubwa. Jina la meli yangu sitalitaja, wala bendera iliyopeperusha, kwa sababu wenzangu wengine wako hai na kila mmoja ana haki ya kusimulia yake au kunyamaza. Lakini nitakujibu yote uliyouliza, kwa kuwa umeuliza kwa adabu na kwa kuwa maneno yale aliyoyasema usingizini, mke wangu naye ameyasikia kwangu.

Nianze na chuma. Manowari ni chuma kwa nje, lakini ndani yake ni ghala. Kuna mafuta ya injini kwa mamia ya tani, mafuta ya kulainishia mitambo, rangi iliyopakwa juu ya rangi kwa miaka mingi, kilomita nyingi za nyaya za umeme zilizovikwa plastiki, magodoro, nguo, karatasi, na mafuta ya kupikia. Na kisha, kwa sababu ni chombo cha vita, kuna baruti na makombora. Ama bahari unayoisema, bahari iko upande wa pili wa ukuta. Maji hayaji yenyewe. Huvutwa na pampu, pampu huendeshwa na umeme au injini, na umeme ukikatika bahari nzima inakuwa kama mto Kiwira ulio chini bondeni kwa mtu ambaye nyumba yake inaungua juu mlimani. Anausikia ukipita, wala haumsaidii.

Jambo jingine ambalo watu wa nchi kavu hulisahau ni kwamba baharini hakuna wa kuitwa. Hapa nyumbani ukiona moto unapiga 114. Kule mpishi, karani, fundi wa redio na mpiga mizinga wote ni wazima moto, na wote wamefunzwa, kwa sababu hakuna mahali pa kukimbilia isipokuwa majini.

Moto ninaoukumbuka ulianza usiku wa manane ndani ya chumba cha injini. Bomba jembamba la mafuta lilipata ufa, na mafuta yakaanza kutoka kwa nguvu, yakiwa membamba kama ukungu, yakaangukia bomba la moshi la injini ambalo lilikuwa na joto kali. Mafuta yaliyotulia kwenye ndoo ni vigumu kuyawasha kwa kiberiti. Yakirushwa kama ukungu huwaka mara moja, na huwaka chumba kizima. Waliokuwa zamu walifunga njia ya mafuta, wakatoka, wakahesabiwa, milango ikafungwa, na gesi ya kuzimia moto ikafunguliwa kuingia mle ndani. Sheria baada ya hapo ni kungoja. Tulifundishwa kungoja angalau robo saa kabla ya kufungua, kwa sababu chuma kikiwa bado na joto, ukifungua mlango mapema unakipelekea hewa na kinawasha tena kila kitu. Nakwambia hivyo uelewe jinsi robo saa inavyoweza kuwa ndefu. Kwa bahati mbaya kifuniko kimoja cha njia ya hewa hakikufunga sawasawa, gesi ikavuja, na moto ukarudi.

Sasa nakuja kwenye ukuta. Mimi sikupelekwa kwenye moto kwanza. Nilipelekwa na mwenzangu mmoja kwenye stoo iliyopakana na chumba cha injini, tukapewa mpira wa maji, tukaamriwa kuumwagia ukuta uliokuwa upande wa moto na sakafu iliyogusana nao. Stoo ile haikuwa na moto. Ilikuwa imepangwa makasha ya vipuri na marobota ya vitambaa vya kufutia mashine. Lakini chuma hupitisha joto kama sufuria, na moto wa upande mmoja hauhitaji tundu ili uvuke. Hungoja tu ukuta upate joto la kutosha, kisha vitu vilivyoegemea ukuta huo upande wa pili vinaanza kuwaka vyenyewe, hakuna cheche iliyoruka. Chumba kina pande sita: kuta nne, sakafu na dari. Moto wa melini hauzimwi mpaka pande zote sita ziwe zimewekewa watu, na watu hao hawauoni moto wanaopambana nao.

Dalili ni rangi. Kwanza hubadilika, nyeupe ikawa kama maziwa yaliyoungua. Kisha huvimba. Yale malengelenge huanza madogo, kama ya mkono wa mtu aliyeshika jembe kwa mara ya kwanza, halafu huungana, hupasuka, na kutoa moshi. Ukiona lengelenge unapeleka maji hapo. Ukipeleka maji hapo linatokea jingine karibu na dari. Ukienda darini, la kwanza linarudi. Maji yaliyokuwa miguuni mwetu yalikuwa ya moto kiasi kwamba tuliyasikia kupitia viatu. Tulifanya hivyo kwa zaidi ya saa mbili. Hakuna atakayekupa sifa kwa kumwagia ukuta, na huwezi kumweleza mtu kwa nini kumbukumbu yako ya moto ni ya chumba kisicho na moto. Ninaamini baba yako mkubwa aliwekwa ukutani kama mimi. Na alipowapeleka vijana wale ghalani, alifanya lile lile alilofunzwa, tena akafanya sawasawa.

Kuhusu mlango, jibu ni fupi. Mlango uliofungwa unaweza kuwa na moto nyuma yake, na joto huanzia juu, kwa hiyo unapanda nao kutoka chini ili ujue moto umefika wapi. Unatumia mgongo wa mkono kwa sababu ngozi yake huhisi haraka, na kwa sababu ukiunguza kiganja hutaweza tena kushika mpira wala ngazi. Nami hufanya hivyo hadi leo, kwenye mlango wa kanisa.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini linahusiana. Maji yanayozima moto yanaweza kuizamisha meli. Mpira wa aina tuliyotumia ulitoa takriban lita 360 kwa dakika, maana yake zaidi ya tani 21 kwa saa, na usiku ule ilifanya kazi mipira minne au mitano kwa wakati mmoja. Uzito wenyewe ni nusu ya tatizo. Bila shaka ulipokuwa mdogo ulibeba maji kichwani kutoka kisimani, na mama yako alikufundisha kuweka majani juu ya maji kwenye ndoo ili yasichezecheze na kukuyumbisha. Meli ni wewe, na maji yale yaliyotapakaa kwenye sakafu pana ndiyo ndoo isiyo na majani. Meli ikiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande ulioinama na kuisukuma izidi kuinama. Kwa hiyo wakati sisi tunamwaga, wengine walikuwa wakipambana kuyatoa maji yetu nje, na afisa mmoja kazi yake ilikuwa kuhesabu tu.

Baadaye nilitolewa stooni nikaenda kwenye mpira wa mbele. Hatukuingia kwa mlango wa juu. Kushuka ngazi kutoka juu wakati moto uko chini ni sawa na kuingia jikoni kwa kupitia dohani. Joto lote linapanda kukupokea. Tuliingia kupitia njia ya dharura inayofika chini kabisa, watu wanne kwenye mpira mmoja, kila mmoja akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Moshi ule ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuiona taa niliyofunga kifuani mwangu. Barakoa humeza sauti, kwa hiyo tulizungumza kwa mikono: kila mtu huweka mkono kwenye bega la aliye mbele yake, na idadi ya kugonga ina maana iliyokubaliwa. Nikiwa mbele, nilijua kwamba niko hai na wenzangu wako hai kwa sababu ya uzito wa mkono mmoja begani. Ilinibidi pia kuwa mwangalifu na maji yenyewe, kwa kuwa lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa lita 1,700 hivi, na mvuke huo katika chumba kilichofungwa hautafuti pa kwenda, unawarudia nyinyi. Maji mengi kwa pupa huwapika wazima moto kabla ya kuzima moto.

Wa pili wangu aliishiwa hewa. Alinigonga mara mbili, kwetu maana yake ilikuwa "hewa yangu imekwisha, ninatoka", kisha mkono ukaondoka na wa tatu akasogea kuchukua nafasi yake. Anayetoka hufuata mpira wake kwa mkono hadi nje, hiyo ndiyo njia pekee gizani. Lakini chini ya ngazi mpira wetu ulikuwa umepishana na mpira wa kikosi kingine, na yeye akashika usio wetu, ukampeleka ndani badala ya nje. Tulimpata baada ya moto kuzimika. Hakuwa ameungua hata kidogo.

Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia. Kama kuna la kuongeza, uliza.

Msomaji wa Gangilonga, Iringa, alijibu:

Mzee wetu, shikamoo, na pole kwa mwenzako. Mimi si mwanamaji. Ni mwalimu wa historia ambaye amesoma kuhusu vita vya baharini kwa miaka mingi, na ningependa kuongeza matukio machache yanayojulikana, kwa sababu yanathibitisha kila neno alilosema.

Hoja yake kwamba kila mtu melini lazima awe mzima moto ilinunuliwa kwa damu. Tarehe 29 Julai 1967, katika Ghuba ya Tonkin, roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya kwenye sitaha ya meli ya Marekani ya kubeba ndege, USS Forrestal, ikapasua tangi la mafuta la ndege iliyokuwa mbele yake. Kikosi kilichofunzwa kuzima moto kilifika mara moja, lakini miongoni mwa mabomu yaliyokuwa pale yalikuwamo ya zamani ambayo hayakustahimili joto, na la kwanza lililipuka takriban dakika moja na nusu baada ya moto kuanza. Sehemu kubwa ya kikosi kile iliangamia papo hapo. Waliobaki walijitahidi kwa ushujaa, lakini wengi hawakuwa na mafunzo: wengine walikuwa wakimwaga povu la kuzima mafuta, na wengine, kando yao, wakilisomba povu lile kwa maji. Walikufa watu 134. Baada ya hapo jeshi lile lilibadilisha mafunzo yake, na kosa lile la povu na maji bado linafundishwa kwa wanaoanza kazi.

Mfano wa mto ulio bondeni nao una ushahidi. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa na kombora la Exocet. Pigo lile liliharibu mfumo wa maji ya kuzimia moto, na mabaharia, wakiwa katikati ya bahari ya Atlantiki, wakabaki na pampu ndogo za kubeba na ndoo. Baada ya saa kadhaa nahodha aliamuru waiache meli. Watu 20 walipoteza maisha, na meli yenyewe ilizama siku 6 baadaye ikiwa inavutwa.

Kuhusu maji yanayozamisha, kuna kisa cha Normandie, meli kubwa ya abiria ya Ufaransa iliyokuwa New York ikigeuzwa kuwa ya kubeba askari. Tarehe 9 Februari 1942 cheche za mafundi wa kukata chuma ziliangukia shehena ya maboya ya kujiokolea. Mashua na magari ya zimamoto yalimwaga maji mengi mno kwenye vyumba vyake vya juu, na usiku wa kuamkia siku ya pili meli ile ililala ubavu palepale gatini, moto ukiwa umeshadhibitiwa. Ndoo isiyo na majani, kama alivyosema mzee.

Lakini kwangu mimi tukio linalofundisha zaidi ni la juzi tu. Tarehe 12 Julai 2020 meli ya kivita ya Marekani USS Bonhomme Richard ilishika moto ikiwa imefungwa gatini San Diego kwa matengenezo, pwani ikiwa na magari ya zimamoto na maji yasiyo na kikomo. Iliungua kwa zaidi ya siku 4, ikaharibika kiasi cha kuuzwa kama chuma chakavu. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba nyaya na mipira ya mafundi ilikuwa imepitishwa kwenye milango, ikawa vigumu kuifunga. Chumba chenye pande sita kilikuwa kimebaki na upande mmoja wazi. Watu huhesabu mizinga ya manowari wakitaka kujua nguvu zake. Mimi ningehesabu milango inayofunga.

Mlinda Misitu, Mufindi, alijibu:

Kamwene wote. Ninafanya kazi ya kulinda mashamba ya miti huku Mufindi, karibu na Shamba la Miti la Sao Hill, na nimesoma maelezo ya mzee mara mbili kwa sababu sikutegemea kuiona kazi yangu ndani ya meli.

Sisi pia, tukipata taarifa ya moto, watu wa kwanza hatuwapeleki wote kwenye miali. Wengi tunawapeleka kwenye barabara za kukinga moto zinazogawa shamba, mahali ambapo bado ni kijani na ndege wanalia, wakasafishe na kusubiri. Wanakijiji wanaokuja kusaidia hukasirika, wanasema tunaogopa. Kumbe moto wa paini ulioshika vilele huwezi kusimama mbele yake. Unaamua tu mipaka ambayo hautaruhusiwa kuivuka, kisha unailinda mipaka hiyo. Baba mkubwa wa dada yetu alikuwa amelichukua ghala kama ukuta wa chumba, na kwa maelezo haya namwona kuwa ndiye peke yake aliyekuwa akizima moto siku ile.

Ninapenda kumuuliza mzee jambo moja. Kwetu kazi ngumu kuliko zote huja baada ya miali kuisha. Majani makavu ya paini hujilundika chini kama godoro, moto hujificha humo na kwenye mizizi, na shamba lililoonekana limepoa linaweza kuwaka tena baada ya siku moja au mbili upepo ukivuma. Inabidi tuwaache watu walale pale, wakichimbua na kupapasa ardhi. Je, melini nako kuna kitu cha namna hiyo?

Mstaafu wa Deki, Mbeya, alijibu:

Kipo, kijana wangu, na umenikumbusha. Moto ukishazimwa huwekwa mlinzi, mtu mmoja na mpira wake uliojaa maji, ndani ya chumba kilichoungua, kazi yake ni kutazama tu usirudi. Vitambaa, magodoro na vifuniko vya nyaya huficha moto kama majani yako ya paini, nasi tulichambua kila robota kwa mkono. Mimi nilikuwa mlinzi wa zamu ya kwanza, kuanzia alfajiri. Chuma kinapopoa hulia, kinagonga na kukwaruza kana kwamba kuna mtu nyuma ya ukuta anayebisha hodi, na nilikuwa najua ni chuma. Niliugusa ukuta ule kila baada ya dakika chache hadi nilipopokewa. Ulikuwa wa uvuguvugu kwa muda mrefu sana.

Binti wa Tukuyu aliandika:

Mzee wangu, na ninyi nyote, ndaga fijo, asanteni sana. Nilichapisha maelezo yenu nikampelekea mama mkubwa kwanza, kwa sababu niliona ni haki yake kuyasikia kabla ya mtu mwingine. Aliniomba nimsomee sehemu ya ukuta mara tatu. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyezipeleka karatasi zile kwa baba mkubwa, akaziweka mezani pamoja na chai, akatoka nje akakaa barazani.

Alisoma peke yake kwa muda wa saa nzima, maana macho yake si mazuri. Alipotoka hakusema lolote kuhusu ukuta wala kuhusu mlango. Aliniuliza kama mtu aliyeandika kutoka Mbeya ni mtu wa kweli, nikamjibu kwamba naamini hivyo. Akanyamaza tena, halafu akanipa swali nilipeleke kwako, nami nalileta kama alivyolisema, bila kuongeza wala kupunguza: "Muulize, alipogongwa mara mbili, aligeuka?"

Mstaafu wa Deki, Mbeya, alijibu:

Mwambie sikugeuka. Mpira ulikuwa wazi, moto ulikuwa mbele yetu, na mtu wa mbele hageuki, kwa sababu akigeuka maji yanageuka naye na waliobaki nyuma wanabaki bila kinga. Nilifundishwa hivyo, nami nilifanya nilivyofundishwa. Mwambie lilikuwa bega la kushoto.

Mwambie pia kwamba Jumapili baada ya ibada huwa niko nyumbani mchana kutwa, na kwamba kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni lami tupu. Mkifika Uyole nipigie, nitakutumia namba yangu kwa ujumbe wa faragha, nije niwapokee mwenyewe stendi.